Baiti Kumi na Moja

Isevya, saa nane za usiku, umeme umerudi,
na mezani mashine ya chama cha wafuga nyuki
(kasha la kijivu, kibodi kisicho na herufi Q,
vumbi la tumbaku ya ofisi ya zamani bado limo kwenye feni)
inakataa kuamka.

Jana iliamka.
Juzi iliamka, ikapima ndoo tisa za asali ya Sikonge
bila kinyongo.
Nimegusa nini? Sijagusa kitu.
Namwapia Mihayo kwenye simu: sijagusa kitu.
"Kumbuka vizuri," anasema, kisha anapiga mwayo mrefu
hadi salio langu linakwisha.

Basi nakumbuka.
Niliongeza salamu.
Nilitaka mashine, ikiamka tu, iseme *Mwangaluka*
kama mtu aliyelelewa.
Herufi kumi, na sufuri moja ya kuzifunga mdomo.
Baiti kumi na moja.
Salamu imemgharimu nani tangu lini?

Kipakizi ndicho huamka kabla ya wote, gizani.
Hutoa kiini kwenye diski, hukilaza kwenye kumbukumbu,
kisha hufuata faili la mizani
na kulibandika palepale kiini kilipoishia,
bega kwa bega, bila hodi.
Na kiini changu, kumbe,
kilikuwa kimeishia ukingoni kabisa mwa ukurasa.
Miezi mitatu bahati ile nimeiita ufundi.

Maana kumbukumbu imekatwa kurasa,
kila ukurasa baiti elfu nne na tisini na sita,
na kichakataji hakijui kufungua katikati.
Kipe anwani yenye mkia:
kitaukata mkia, kitaanzia juu.
Faili langu lilikuwa limetua 10300B.
Hiyo B, kwa hesabu za mashine,
ni kumi na moja.

Shangazi Kalunde anaijua habari hii
ingawa kibodi hajawahi kukigusa.
Stesheni, mwaka wa mvua nyingi,
behewa lilisimama hatua moja mbele ya alama.
Karani huandika kinachokaa mbele ya alama, hakuna kingine;
asali ya shangazi ikaandikwa
kwa jina la mtu wa Urambo.
Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyekosea kuhesabu.
Hatua moja tu.

Kwa hiyo humu ndani usiku kucha
kiini kimekuwa kikiliambia faili: nionyeshe muhuri.
Kinafungua ukurasa, kinatazama juu,
na pale muhuri ulipopaswa kuwa
kinakuta *Mwangaluka*.

Kiliomba muhuri, kikasalimiwa.
Nimecheka peke yangu hadi jirani akagonga ukuta.

Dawa ni mstari mmoja ndani ya kipakizi:
ongeza elfu nne na tisini na tano,
kisha zifute tarakimu tatu za mwisho.
10300B inapanda, inatua 104000.
Mihayo, aliyepata vocha, ananipigia kunigombeza:
"Unatupa baiti elfu nne na themanini na tano!
Tupu! Katika mashine maskini kama hiyo!"
Ni kweli, ni tupu.
Ila hata mizinga hatuigusishi.

Juu ya mstari ule nimeacha maelezo,
kwa atakayekuja kulifungua kasha hili nikiwa sipo:

*Sufuri tatu mwishoni, ni mlango wa kurasa,*
*Usishukie njiani, utapotea kabisa,*
*Pengo liache pembeni, nafasi siyo makosa,*
*Sogea mbele, tulia, ndipo ufungue sasa.*

Saa kumi na moja na nusu. Nabonyeza.
Skrini nyeusi. Nyeusi bado.
Feni inakohoa tumbaku.

*Mwangaluka.*

"Mwangaluka," naitikia, kwa sauti, kama mwehu,
na chini yake, taratibu, mizani inaandika
ndoo ya kwanza: kilo ishirini na saba,
Kalunde, Sikonge.